Soseji na viazi kikaango kimoja: majibu ya maswali yenu

Wiki mbili zilizopita nilitaja hapa, kwa kupita tu, kwamba siku nikichelewa kurudi kutoka kazini, chakula cha usiku nyumbani kwangu ni soseji na viazi katika kikaango kimoja. Dakika 40 au 45, watu wanakula, na chombo cha kuosha ni kimoja. Maswali yamekuja mengi. Nimechagua yanayowagusa wengi, na la kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloyabeba mengine.

Shikamoo mama. Nimejaribu mara tatu, na kila mara soseji zinaungua huku viazi bado vigumu katikati. Tuko sita nyumbani, nina jiko dogo la gesi. Nakosea wapi? (Mama wa watoto wanne, Dodoma)

Marahaba mwanangu. Kosa liko kwenye zamu. Soseji nyembamba inataka dakika 8 hadi 10, kiazi kilichokatwa kinataka 20 na ushei. Ukivitia pamoja, lazima kimoja kiumie.

Halafu kiazi chenyewe kina mahitaji mawili yanayogombana. Kuiva ndani kinataka maji na mvuke, kushika rangi nje kinataka ukavu. Maji yakichemka hayapandi zaidi ya nyuzi 100, na ile rangi ya kahawia yenye harufu tamu inakuja vizuri kuanzia kama nyuzi 140. Maadamu kuna maji kikaangoni, kiazi kitaiva lakini kitabaki cheupe. Kwa hiyo mpe kila mmoja wakati wake.

Kwa watu sita mimi huchukua viazi kilo moja na nusu, soseji 8, karoti mbili, vitunguu maji viwili vikubwa, hoho moja, nyanya mbili zilizoiva, punje nne za kitunguu saumu, na binzari nyembamba ya kusaga kijiko kimoja cha chai. Kikaango kiwe kipana, kama sentimita 30, tena chenye mfuniko.

Anza na soseji. Vijiko viwili vya mafuta ya alizeti, moto wa wastani, zigeuze mpaka zipate rangi pande zote, kisha zitoe. Hazijaiva bado, na ndivyo inavyotakiwa. Sahani uliyoziweka usije ukapakulia chakula kilichoiva kabla hujaiosha. Sasa angalia kilichobaki kikaangoni: mafuta yaliyotoka kwenye nyama na vile vipande vilivyoganda chini. Hapo ndipo ladha yote ilipo. Nimeshaona watu wakikiosha kikaango wakati huo, na inaniuma kweli.

Viazi, vilivyokatwa vipande vya kama sentimita mbili, viingie kwenye mafuta yale yale pamoja na karoti, binzari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Geuza dakika tatu, mwagia maji nusu kikombe, funika, punguza moto. Dakika 12 usifunue. Kisu kikipenya bila kulazimishwa, ondoa mfuniko, acha maji yakauke kabisa, ongeza moto kidogo, tia vitunguu na hoho. Hapa mikono itulie: viache viazi dakika nne bila kuvigusa ndipo vishike ukoko, kisha vigeuze kwa mwiko bapa. Mwisho soseji zirudi, zimekatwa mshazari, pamoja na kitunguu saumu na nyanya. Dakika 7 nyingine, kamulia ndimu, nyunyiza kotmiri, ipua.

Habari yako mama. Viazi vyangu vinavurugika na kushika chini mpaka nakwangua. Natumia Shangi, ndivyo vinavyopatikana hapa. (Mwalimu, Nakuru)

Salama mwalimu. Shangi ni kiazi kizuri, lakini kinaiva upesi na kina unga mwingi. Kikate vipande vikubwa kidogo, maji yawe robo kikombe, na anza kukipima kwa kisu baada ya dakika 7.

Kinachokushikia chini ni wanga. Ukishavikata, vioshe kwa maji baridi mara mbili au tatu mpaka maji yasiwe na ukungu wa wanga, kisha vikaushe kwa kitambaa safi, vikauke kwelikweli. Kikaango kipate moto kwanza, mafuta yafuate, viazi viwe vya mwisho. Na kiazi kikishika, usikivute. Ukoko ukishakamilika kinajiachia chenyewe. Anayekivuta mapema anaacha nusu yake chini.

Kwa kuwa Shangi inachipua mapema, usinunue ya mwezi mzima. Iweke gizani penye hewa, si kwenye mfuko wa plastiki. Kiazi kilichogeuka kijani kina sumu iitwayo solanini, na kupika hakuiondoi: menya sehemu ya kijani yote na uitupe, na kama kijani kimeenea au kiazi ni kichungu, tupa kizima. Sisi wa Tanga tunapata mbatata zinazoshuka kutoka milima ya Lushoto, na hata hizo mimi huzikagua moja moja sokoni.

Sina gesi wala kikaango chenye mfuniko. Jiko la mkaa na sufuria vitafaa? (Kijana anayejitegemea, Kigoma)

Vitafaa sana. Tafuta sufuria pana na nzito, kwa sababu ile nyembamba ya alumini inaunguza chini kabla juu hapajapata habari. Soseji zikaange makaa yakiwa yamekolea. Viazi vikishaingia, funga mlango wa jiko ili moto utulie, na ukiona bado ni mkali toa makaa mawili matatu.

Zamu ya mwisho ndipo mkaa unapoishinda gesi. Maji yakishakauka, funika kwa mfuniko wa bati na upalie makaa juu, kama tunavyopalia wali. Rangi inakuja juu na chini kwa pamoja, wala huhitaji kugeuza. Dakika 8 zinatosha. Kama ndani bado kuna maji, hata ukipalia gunia zima utapata viazi vya kuchemsha.

Kwa nini soseji zangu zinapasuka? Nimeambiwa nizitoboe kwa uma kwanza. (Msomaji wa Morogoro)

Usizitoboe, utamwaga utamu wake wote. Zinapasuka kwa sababu moto ni mkali na maji ya ndani yanageuka mvuke haraka kuliko ngozi inavyoweza kustahimili, au kwa sababu zilitoka kwenye friza zikaenda moja kwa moja kwenye mafuta. Ziyeyushe ndani ya friji tangu usiku wa jana yake, ukaange kwa moto wa wastani. Soma pia pakiti: kuna soseji mbichi, na kuna zilizokwishaiva kiwandani, kama zile smoki wanazouza barabarani Kenya. Zilizoiva hazina haja ya kuanza kukaangwa. Zitie dakika tano za mwisho tu, na viazi uvianzishe kwa mafuta yako mwenyewe.

Wanangu wana miaka 3 na 7. Wanataka soseji kila siku. Mke wangu anasema ni sumu, mimi naona ni nyama kama nyama nyingine. Tuamulie. (Baba, Arusha)

Si sumu, lakini mkeo ana hoja nzito kuliko yako, na naomba umsikilize.

Oktoba 2015, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka nyama iliyosindikwa, soseji ikiwemo, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya utumbo mpana. Ilikadiria kwamba anayekula gramu 50 kila siku anaongeza uwezekano wa kuipata kwa kama asilimia 18. Sigara nayo imo katika kundi hilo, na watu wengi walishtuka. Kundi hilo linaeleza uthabiti wa ushahidi, halisemi kwamba hatari ni sawa. Soseji moja ya Jumamosi si pakiti ya sigara. Lakini gramu 50 ni soseji moja au mbili tu kutegemea unene, na wewe unazungumzia kila siku.

Kuna chumvi pia. Mtu mzima anashauriwa asipitishe gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na mtoto chini ya hapo. Soseji imeshatiwa chumvi ya kutosha, ndiyo maana kwenye viazi vya watu sita nimeweka nusu kijiko tu.

Kwangu chakula hiki ni mara moja kwa wiki, na wiki nyingine hakipikwi kabisa. Tena soseji 8 kwa watu sita, kwa sababu kazi yake ni kuvipa viazi ladha, shibe inatoka kwenye viazi. Nikitaka kupunguza zaidi natia soseji 4 na vikombe viwili vya maharage yaliyochemshwa. Watoto wanamaliza sahani.

Sasa jambo ambalo hukuuliza, nami sitaki ulipite. Huyo wa miaka 3 asipewe soseji iliyokatwa duara. Kipande cha duara kina ukubwa ule ule wa njia yake ya hewa, kinaziba kama kizibo. Ipasue kwa urefu mara nne, toa ngozi kama ni ngumu, kisha katakata vipande vidogo. Ale ameketi, na mtu mzima awe karibu. Hili lishike hata kama mengine yote utayaacha.

Assalamu alaykum. Pakiti imeandikwa ni ya ng'ombe. Yatosha? (Mama, Mombasa)

Wa alaykum salaam dadangu. Haitoshi. Maandishi ya mbele yanaelezea nyama ya ndani, ilhali ngozi ya nje yaweza kuwa utumbo wa mnyama mwingine, au kolajeni, ambayo nayo hutokana na ng'ombe au nguruwe. Tafuta alama ya halali, kisha geuza pakiti usome viungo mpaka mwisho.

Kama roho haitulii, acha ngozi kabisa. Nyama ya kusaga nusu kilo, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, chumvi, kotmiri, na vijiko viwili vya chenga za mkate. Kanda mpaka ishikane, finyanga vidole kama vya kababu, viweke kwenye friji nusu saa vikaze, kisha vikaange pahali pa soseji. Mimi navipenda kuliko vya dukani, na unajua kila ulichotia.

Umeme ulikatika jana jioni ukarudi leo mchana. Soseji za friza nizitupe? (Msomaji wa Dar es Salaam)

Inategemea friza lilivyojaa na kama hamkulifungua. Lililojaa hushika baridi kama saa 48, lililo nusu kama saa 24. Bonyeza: zikiwa bado ngumu au zina chembe za barafu, ni salama, zipike leo. Zikiwa laini na zimepoteza baridi, tupa. Zilizokuwa kwenye friji ya kawaida zinahimili kama saa 4 tu. Najua pesa inauma, lakini kuna sumu za bakteria ambazo moto wa jikoni hauzimalizi.

Niko Leeds, nina oveni, soseji za huku ni nene. Nabadilisha nini? (Mama wa watoto watatu, Uingereza)

Zamu ni ile ile, ila kikaango chako sasa ni treya pana. Washa oveni nyuzi 200. Viazi na karoti vipakwe mafuta, vitandazwe bila kupandana, viingie peke yao dakika 20. Kisha soseji na vitunguu, dakika 25 hadi 30, ukigeuza mara moja. Kwa kuwa ni nene na mbichi, nunua kipimajoto cha nyama: ya ng'ombe au nguruwe ifike nyuzi 71 katikati, ya kuku 74. Ukitaka viazi vyenye ukoko chukua Maris Piper, ukitaka visivyovunjika chukua Charlotte. Nyanya zitie dakika 10 za mwisho, la sivyo zitavilowesha viazi.

Mboga za majani naweza kutia humo humo? (Msomaji wa Iringa)

Kabichi na sukuma wiki ndiyo, zikatwe nyembamba, ziingie pamoja na hoho. Mchicha hapana, unatoa maji na ukoko wote unakufa. Mchicha uunge pembeni, au fanya kachumbari.

Kikibaki? (Mwanafunzi, Mwanza)

Kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Kitie chomboni, kifunike, kiingie kwenye friji. Asubuhi kipashe kikaangoni kwa mafuta kidogo mpaka kichemke moto mpaka ndani, pasulia mayai matatu juu yake, nyunyiza pilipili manga, funika. Ukiona ute umekuwa mweupe na kiini kimeshika, kula na chai ya rangi.