Re: Ndege mkubwa wa Karura ni mwewe ama tai?

Dada, umeuliza kama yule ndege uliyemuona kwenye msitu wa Karura hapo Nairobi akizunguka juu sana huku akilia ni mwewe kama hawa wa mjini. Angalia mkia kwanza. Mwewe mkia wake umepasuka kama wa samaki na akiruka anaugeuzageuza kama usukani, hao ndio wanawapokonya watoto chakula mkononi shuleni. Lakini vile umeeleza, mabawa mapana ya mviringo yenye milia myeusi, mkia mrefu pia una milia, halafu anapanda na kushuka akilia mfululizo, mi naona huyo ni tai mwenye taji, na kusema kweli umebahatika sana! Anawinda kima na paa wadogo, na mabawa yake ni mafupi kiasi ndo aweze kupenya katikati ya miti.

Ukirudi enda kama saa tatu, saa nne asubuhi jua likishapasha hewa, tafuta mahali pa wazi, beba darubini hata ile ndogo, na usikilize kima, wakipiga kelele za hatari angalia juu haraka.

Ukiona kiota tafadhali usikaribie wala usiseme mtandaoni kiko wapi, kwa kawaida wanalea kinda mmoja tu na hata akisharuka anaendelea kulishwa miezi mingi, ndo maana wengi huzaa mara moja kila miaka 2. Kama ulipiga picha ya mkia iweke hapa tuone.