Matangazo ya dawa Zanzibar: sheria ipo

Sheikh, umeandika kwamba huku Visiwani mtu anaruhusiwa kuitangazia dawa yake lolote analotaka, ukataka malalamiko yapelekwe TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) na sheria ikazwe. Si kweli kwamba anaruhusiwa. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya 2006 inagusa matangazo pia, na msimamizi wake ni Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA. Hiyo TMDA ni ya Bara. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo TMDA haina mamlaka Unguja wala Pemba. Nimeuza katika duka la dawa miaka mingi, haya ndiyo tuliyokuwa tukikaguliwa nayo.

Ila bidhaa nyengine, simu feki au godoro la “orijino”, si kazi ya ZFDA. Huko nenda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara.

Na hilo la kukaza sheria zaidi? Mimi naona iliyopo inatosha kwa redio na mabango. Tabu iko kwenye status za WhatsApp: “inatibu sukari, presha na nguvu za kiume” kwa chupa moja (hiyo chupa ina kazi kweli!), na kesho yake tangazo limeshafutika. Piga picha ya skrini kabla hujalalamika.