Tangi la samaki lenye mimea: maji yabadilishwe au yaachwe?

Vijana wanaoanza kufuga samaki wa mapambo hapa Jinja huniuliza: tangi likishajaa mimea, maji ya nini kuyamwaga? Jibu langu ni kwamba bado yabadilishwe, ila kwa kiasi kidogo na si mara nyingi.

Mimea inasaidia kweli. Samaki hutoa amonia, taka inayoweza kuwa sumu kwao, kupitia matamvua, bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha naitreti, ambayo si kali kama hizo mbili. Mimea inayokua haraka hufyonza amonia hiyo mapema, na naitreti pia. Lakini inachukua inachohitaji tu. Mabaki mengine ya chakula yanazidi kulundikana. Kujazia maji yaliyopungua hakutoshi, kwa sababu kinachopaa ni mvuke, madini yote yanabaki tangini. Anayejazia kwa maji magumu ya kisima kirefu anaongeza madini juu ya madini.

Piga hesabu. Tuseme naitreti inapanda miligramu 10 kwa lita kila wiki, nawe unabadilisha robo ya maji kila wiki. Itaendelea kupanda hadi karibu 40, isimame hapo. Ukibadilisha nusu, itasimama kwenye 20. Mimea mingi yenye afya hupunguza ile 10 yenyewe, ndiyo maana mwenye samaki wachache na mimea iliyoshamiri anaweza kubadilisha robo kila wiki mbili. Tangi jipya, au lenye samaki wengi, lisingoje hivyo.

Ninaloomba mlizingatie zaidi ni tangi lililokaa miezi mingi bila kubadilishwa. Maji yetu ya bomba hapa hutoka Ziwa Victoria, nayo ni laini: akiba yake ya kuzuia asidi ni ndogo. Bakteria wanapofanya kazi wanaila akiba hiyo, maji yanakuwa na asidi, na amonia iliyomo inakaa katika hali isiyo na madhara makubwa. Siku mwenye tangi anapoamua kusafisha, akamwaga nusu na kuweka maji mapya, asidi inapungua ghafla na ile amonia inageuka sumu. Samaki wanakufa jioni hiyo hiyo, na watu wanasema bomba limewaua. Tangi la namna hiyo lirudishe polepole: sehemu ya kumi leo, sehemu ya kumi keshokutwa, na kuendelea hivyo wiki mbili au zaidi.

Klorini, dawa ya kuua vijidudu inayotiwa kwenye maji ya bomba, nayo inaua samaki. Mimi huteka maji kwenye beseni pana na kuyaacha wazi hadi kesho yake. Klorini ya kawaida huondoka, na maji yanafikia joto la chumbani. Jerikeni iliyofungwa haifai kwa kazi hii.

Kwa tangi la lita 60, hata jerikeni moja ya lita 20 haijai: robo ni lita 15. Yale ya zamani nayamwagia sukuma, nayo inayapenda mno.