Kabla hujapanda mnara, tazama chini kwanza

Wadogo zangu mliopangiwa minara ya simu ya Mtwara na Lindi, habari za mikanda, kamba na radi mmeshafundishwa, sitazirudia. Nataka kusema la kozi, yule ndege mwindaji, maana hilo halimo kwenye mafunzo na nusura liniue.

Ilikuwa Agosti, mwaka wangu wa pili kazini, mnara mmoja nje kidogo ya Mikindani. Kusi linavuma, dishi limelegea, msimamizi anapiga simu kila baada ya dakika tano. Pale chini kwenye zege nilikuta mabawa mawili ya njiwa, bado yameungana kwenye mfupa wa kifua, nyama imeliwa yote. Nikayasukuma kwa buti, nikapanda. Nilipofika mita 40 hivi, kitu kikanipiga kofia kwa nyuma, ko! Spana ikaniponyoka, ikatua hatua mbili tu kutoka alipokaa mlinzi na kikombe chake cha uji. Alinitukana mpaka nikafika chini, na alikuwa na haki.

Kiota sikukiona. Hapo ndipo wengi mnakosea kama mimi: mnatafuta vijiti. Kozi hajengi. Kwake mnara ni jabali tu, kama yale mawe makubwa ya Masasi. Akipata sehemu bapa yenye vumbi, anakwangua kishimo na kutaga hapo hapo, mara nyingi mayai matatu au manne, mekundu-kahawia kama matofali ya kuchoma. Pengine hutumia kiota cha kunguru kilichoachwa. Yale ya siku ile yalikuwa kwenye kona ya bamba la kupumzikia, shibiri moja kutoka kwenye buti langu.

Mlinzi atakwambia ni mwewe. Kwa walinzi wetu kila ndege mwenye makucha ni mwewe. Lakini mwewe mkia wake una panda, na huelea akivizia vifaranga vya watu. Kozi mabawa yake yamechongoka, jike ana ukubwa wa kunguru na dume ni mdogo zaidi, na mashavuni ana weusi kama wanja uliochuruzika. Yeye hukamata ndege wenzake angani, akijitupa kutoka juu kwa kasi inayopita kilomita 300 kwa saa. Akikufukuza wewe hafiki huko, ila kisogo chako hakitajua tofauti.

Kwa hiyo ukifika, zima gari, kaa nusu saa kwenye kivuli cha mkorosho utazame juu. Zunguka msingi wa mnara ukitafuta mabawa, manyoya na michirizi myeupe ya kinyesi kwenye vyuma. Ukimwona anatoka na kurudi pale pale, mpigie msimamizi kabla hujavaa mkanda. Kazi inayosubirika isubiri: mayai huatamiwa kama mwezi, makinda huruka baada ya wiki sita hivi. Msimamizi atalalamika. Mwambie huko London, bomba za moshi za kituo cha zamani cha umeme cha Battersea zilipokuwa zikijengwa upya, kozi wa pale walisimamishiwa mnara wao wa muda.

Kama mtandao umekatika, pandeni wawili, mmoja kazi yake kutazama ndege tu, na kila spana ifungwe kamba. Fanyeni haraka, yai lililoachwa juani halichukui muda kuharibika. Makinda yenye manyoya kamili msiyasogelee kabisa. Yakishtuka hujirusha kabla mabawa hayajakomaa. Wala usibebe kinda kwenda kufuga nyumbani, kumkamata mnyamapori bila kibali ni kosa kisheria. Mkikwama, yupo afisa wanyamapori wa wilaya.

Mtawaona wengine kuanzia Novemba hivi. Baadhi ni wageni kutoka Siberia, ifikapo Aprili wameondoka, na huku hawatagi. Hao wasikuchelewesheni.

Dishi la Mikindani tulilikaza kesho yake tukiwa wawili, dakika kumi na tano tukawa chini. Kulibadilisha tulingoja hadi mwisho wa Oktoba, korosho zinaokotwa. Kwenye ile kona ya bamba palibaki vumbi na mguu mmoja wa njiwa, umefungwa uzi mwekundu. Mlinzi akautazama, akasema mwenye njiwa huyo anamjua, ni jirani yake. Tukautupa, hatukumwambia.