Mteja akiitumia programu yako vibaya, mwache kwanza

Mnaoanza kazi za programu hapa Nairobi, mtasimuliwa habari za Michael Joseph kabla hata hamjaonyeshwa pa kuketi. Alishika usukani wa Safaricom Julai 2000, wateja wakiwa hawafiki 20,000. Alipoondoka Novemba 2010 walikuwa zaidi ya milioni 16. Wengi huishia hapo, wakidhani M-Pesa ilimtoka kichwani. Sivyo. Wazo lilikuwa la Nick Hughes wa Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza, na Susie Lonie ndiye aliyekuja kulihangaikia huku.

Tena lilikuwa wazo la mikopo. Katika jaribio lililoanza Oktoba 2005, wateja wa Faulu, shirika la mikopo midogo, walitakiwa kulipa marejesho yao kwa simu. Wakalipa, lakini wakafanya na yao. Huyu anaweka pesa Nairobi na kuzitoa Thika, asizibebe kwenye matatu. Yule anaacha mauzo ya siku humo usiku kucha. Wengine wanamlipia mtu mkopo, naye anawafanyia kazi. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, mambo ya marejesho yaliwekwa kando na tangazo likasema jambo moja tu: tuma pesa nyumbani.

Hapo ndipo ninapomheshimu Joseph, na si kwa mapenzi, maana ndiye aliyewahi kusema Wakenya tuna tabia za ajabu za kupiga simu, tukamnunia miaka. Lakini tabia hizo hizo kampuni yake ilizifuata. Mshindani alipokuwa akitoza kwa dakika, Safaricom ilitoza kwa sekunde. Mtu mwenye shilingi chache aliyetaka kusema "nimefika, shuka" akajiona anahesabiwa kuwa mteja.

Mimi nililijua hili kwa kuumia. Katika ajira yangu ya kwanza tulitengeneza programu ya kuhesabu bidhaa za wenye maduka ya jumla Kamukunji. Kulikuwa na kisanduku kidogo cha maelezo. Wiki ya tatu nikaona kimejaa majina: "Mama Brayo 450", "yule wa mkokoteni 1,200". Walikuwa wanaandika madeni! Nikaona wanachafua data yangu, nikaweka kikomo cha herufi 20. Nilijisifu hata kwenye mkutano. Baada ya mwezi mmoja zaidi ya nusu ya maduka walikuwa wamerudia daftari la kurasa 96, lile la jalada gumu. Bosi aliniuliza kwa nini. Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimewahi kuketi dukani hata asubuhi moja.

Kwa hiyo wiki yako ya kwanza, kabla ya kufungua kompyuta, omba ruhusa uende kwa mteja. Usiende na maswali. Ukiuliza utaambiwa "iko sawa tu" kwa sababu ya adabu. Nunua soda, keti kwenye kreti, tazama vidole vyake vinakwenda wapi na vinakwepa nini. Uliza tu akiacha simu na kushika kalamu. Andika alichokiandika kwa kalamu hiyo, neno kwa neno, ukampelekee bosi kabla hajakupangia kazi ya kwanza.