Kabla hujavuta upinde, tazama kilichopo nyuma ya shabaha

Wanaonifuata wakitaka kujifunza upinde huanza kuuliza wanunue wa aina gani. Mimi huwauliza kwanza watapigia wapi. Hapa Mwanza hilo ndilo swali kubwa, maana mji wetu ni wa mawe.

Mshale ukigonga mwamba hautulii pale. Unapasuka au unaruka, na huwezi kujua utaelekea upande gani. Nimeshuhudia mshale ukipita juu ya gunia la shabaha, ukakwaruza jiwe lililokuwa nyuma yake, ukaja kuangukia karibu na wapigaji huku ncha yake imepinda. Kwa hiyo penye mwamba nyuma ya shabaha sipigi, hata pawe na kivuli kizuri namna gani. Tafuta mteremko wa udongo, ili mshale uliokosa uzame ardhini. Pande za Luchelele na Kisesa bado unaweza kupata uwanja wa namna hiyo. Omba ruhusa kwa mwenye eneo na umjulishe mwenyekiti wa mtaa. Usukumani watu wanaujua upinde kama silaha ya sungusungu tangu miaka ya 1980, na ukionekana vichakani na podo mgongoni bila taarifa, wana haki ya kukuhofia.

Kingine ni vinjia. Kandokando ya ziwa kila kichaka kina njia yake: mama anatoka kuchota maji, mtoto anaswaga mbuzi, mvuvi anakatiza kwenda mwaloni. Shabaha yako inaweza kuwa mita 18 tu kutoka uliposimama, lakini upinde wa kawaida wa mazoezi hurusha mshale zaidi ya mita 100. Ndiyo maana nasisitiza usivute kamba huku mshale umeelekea juu. Ukiponyoka, utatua usikokuona. Weka mtu mzima wa kuangalia njia, asiyepiga, mwenye filimbi.

Filimbi yenyewe ina lugha yake, na wapigaji wa nchi nyingi wanaielewa. Mara mbili, wapigaji wasogee kwenye mstari. Mara moja, waanze kupiga. Mara tatu, waende kuchukua mishale. Ikipulizwa mfululizo, kila mtu asimame hapo hapo na aondoe mshale kwenye kamba. Mstari uwe mmoja kwa wote, na asiuvuke mtu mpaka pinde zote ziwe zimewekwa chini. Hapa sina huruma na mtu. Anayekimbilia mbele kuokota mshale wake wakati wenzake bado wanapiga, siku hiyo amemaliza mazoezi.

Wakati wa kuchomoa mishale watu hulegea, na ndipo wanapoumia. Nenda kwa kutembea, maana mkia wa mshale uliochomeka unaweza kukutoboa jicho. Simama pembeni, hakikisha hakuna mtu nyuma yako, kandamiza shabaha kwa mkono mmoja, kisha vuta mshale taratibu.

Mishale ikaguliwe kabla ya kurudi kwenye kamba. Ile ya kaboni ikunje kidogo karibu na sikio. Ukisikia mlio wa kupasuka, ivunje kabisa uitupe, kwani ikikatikia kwenye upinde vibanzi vyake huingia mkononi. Mshale mfupi kuliko mvuto wako, yaani umbali unaoivuta kamba, nao ni hatari hiyo hiyo. Wala usivute kamba tupu ukaiachia: nguvu ambayo ingeondoka na mshale hurudi kwenye upinde na inaweza kuuvunja usoni pako.

Vaa kinga ya mkono, funga nywele, vua mkufu.

Na mtu akichomwa, mshale usichomolewe, kwa sababu huenda ndio unaozuia damu. Ushikilie usitikisike kwa kuuzungushia vitambaa safi, kisha mpeleke hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure mshale ukiwa mwilini vile vile.