Shangazi, nisomee uhandisi mazingira au nibaki barabarani?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nilisoma PGM (fizikia, jiografia na hisabati), kisha uhandisi ujenzi, na huu ni mwaka wa nne niko kwa kontrakta wa barabara. Sasa nataka kusoma masta ya uhandisi mazingira. Mjomba aliyenisomesha amekasirika, anasema hakulipa ada ili nije kuwa injinia wa choo. Mwenyewe naogopa kemia, niliiacha kidato cha nne. Na kwenye fomu, pale pa utafiti, nimeandika "Athari za mabadiliko ya tabianchi Tanzania". Nishauri.
Kijana wa Nkuhungu

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na mjomba, maana hajakosea. Ni uhandisi wa choo, na mimi nimekula kwa choo miaka mingi. Akitulia, mwulize shimo la choo chake liko hatua ngapi kutoka kisima cha jirani. Tangu serikali ianze kuhamia hapa 2016 nyumba zimeota kama uyoga, na nyingi hazina bomba la majitaka, kila moja ina karo lake. Kinachoshuka humo huzaa naitrati. Haina rangi wala harufu, na ukichemsha maji haitoki. Mvuke unaondoka, yenyewe inabaki imekolea zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga, kwa sababu inaifanya damu yao ishindwe kubeba oksijeni. Mwambie mjomba hivyo, kwa adabu, baada ya chakula.

Kemia isikutishe. Unachohitaji ni moli, asidi na besi, oksidesheni, na kusoma grafu ya kulinganishia vipimo. Azima kitabu cha kidato cha tano, kaa nacho miezi mitatu jioni jioni. Kilichonitoa jasho mimi ni viumbe hai. Nilipokuwa napima mabwawa ya majitaka pale Swaswa, siku ya kwanza nilichovya kipima oksijeni saa mbili asubuhi, kikasoma karibu na sifuri. Nikarudi saa tisa alasiri, bwawa lilelile, ukingo uleule: kimepanda hadi maji safi ya mtoni hayafikii. Nikajua mashine imekufa. Nikaipangusa, nikabadilisha betri, ikasema vilevile. Msimamizi wangu alicheka akaniambia, "Umepima jua." Maji yale ya kijani yamejaa mwani, na mwani mchana hutoa oksijeni na kupandisha pH, yaani kipimo cha asidi na besi, nayo ikipita 9 vijidudu vya kinyesi hufa kwa wingi. Usiku unavuta oksijeni yote. Ningepima asubuhi tu, ningeandika tasnifu nzima ya uongo.

Kazi zipo, ingawa si za kuokota. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kwa miradi mingi, na mtu anayejua tuta la barabara na pia anajua maji yanakokwenda likishajengwa, anatafutwa. Ila usajili wako wa uhandisi ufuatilie kabla ya kuacha kazi. Masta haikupi muhuri.

Vyuo: Ardhi na Mlimani viko Dar es Salaam, na Nelson Mandela kule Arusha hufundisha uzamili na uzamivu tu. Usiulize kipi kina jina. Uliza nani atakusimamia, na maabara yake ina nini.

Sasa hiyo mada yako. Ifute. Tanzania ni kubwa, na wewe nadhani una pikipiki moja. Kama tabianchi ndiyo inayokunyima usingizi, iko hapo kaskazini mwa mji, Makutupora. Kina cha maji chini ya ardhi pale kimepimwa tangu miaka ya 1950, ni wachache Afrika wenye rekodi ndefu hivyo. Inaonyesha kwamba mvua ya mwaka wa kawaida haijazi kitu cha maana. Maji hupanda ile miaka ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98, kisha tunayatumia miaka na miaka. Chukua kipande kimoja cha hilo. Au chukua mtaa mmoja, visima kumi na viwili, naitrati kabla ya mvua na baada ya mvua.

Na hapo kwenye mvua ndipo nilipoumia. Kalenda ya chuo na kalenda ya Dodoma hazijuani. Kwetu mvua ni Desemba hadi Aprili, basi. Pendekezo langu la utafiti lilipita vizuri, lakini barua ya kibali ilikaa kwenye meza ya ofisi fulani, na kemikali nilizoagiza zikafika Mei, vumbi limeshaanza kutimka. Sikuwa na sampuli hata moja ya masika. Nilisubiri mwaka mzima, nikifundisha hesabu sekondari ili nipate kodi ya chumba. Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma: ukitaka kuchukua maji Desemba, vibali na chupa viwe mkononi Novemba, na pendekezo lipite kabla ya Septemba. Msimamizi akikuambia hakuna haraka, mwonyeshe mawingu.

Jambo dogo ambalo halimo vitabuni: kile kipimo cha oksijeni inayoliwa na vijidudu huchukua siku tano kwenye nyuzi 20. Mimi nilichukua sampuli Jumatatu, nikawa nafungua maabara Jumamosi, na mlinzi akanichoka. Wewe chukua Jumatano, usome Jumatatu. Umeme ukikatika katikati ya siku hizo, tupa, anza upya. Na ndoo ya barafu usiipakate juu ya pikipiki, ifunge nyuma kwa mpira wa baiskeli. Mimi niliipakata, nikafika mjini na chupa saba kati ya kumi na mbili.

Niandikie Novemba uniambie kibali kimetoka au bado.